Picha Inayosomwa Kabla ya Kuchorwa



Ndugu zangu vijana, na wazazi mliokuja kutusikiza, hebu kila mmoja ashike kalamu na karatasi. Agizo ni moja tu: chora mraba ndani ya duara. Haya, sasa mtazame jirani yako. Huyu mraba wake ni mdogo, umekaa katikati. Yule pembe zake nne zimegusa duara. Mwengine kausimamisha kwa ncha kama kishada. Nani kakosea? Hakuna. Maneno yaliacha nafasi, na kila mtu akaijaza alivyoona yeye.

Yuko msanii wa Marekani aliyeifanya nafasi hiyo kuwa kazi yake. Anaitwa Sol LeWitt, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2007. Alianza kuchora ukutani mwaka 1968, kisha akawa anaandika maelekezo na watu wengine ndio wanaochora. Humo humuoni mtu wala mnyama, ni mistari na maumbo tupu.

Chukueni mchoro wake nambari 118, wa mwaka 1971. Maelekezo yenyewe kwa ufupi: tumia penseli ngumu, weka nukta 50 ukutani popote upendapo, lakini zienee ukuta mzima. Kisha kila nukta iunganishwe na zote nyingine kwa mstari ulionyooka. Basi! Tupige hesabu. Kila nukta ina wenzake 49. Hamsini mara 49 ni 2450, na kwa vile mstari mmoja ni wa nukta mbili, tunagawa kwa 2. Mistari 1225! Ukiruka mmoja, kazi haijatimia.

Tazameni alivyopanga. Idadi ameifunga, unyoofu wa mistari ameufunga, lakini mahali pa kila nukta amekuachia wewe. Kuta mbili hazitafanana, na mchoro utabaki ni ule ule.

Mwaka 2008, yeye ameshafariki, jumba la sanaa la MASS MoCA huko North Adams, Massachusetts, lilifungua maonyesho ya michoro yake 105. Wasanii na wanafunzi wapatao 65 waliichora kwa muda wa miezi sita hivi, wakiongozwa na waliokuwa wasaidizi wake. Mwenyewe hayupo wa kuulizwa, "Hapa ulikusudia nini?" Maneno yake ndiyo yaliyosimama mahali pake.

Sasa sisi je? Mtu anaacha ujumbe nyumbani, "Mpe yule kijana zile pesa." Kijana gani? Pesa zipi? Jioni ndugu wawili hawasemezani, na kila mmoja anajiona ana haki. Ugomvi mwingi wa majumbani chanzo chake ni neno moja lililokosekana.

Basi leo baada ya tarawehe, jaribuni hivi. Chora maumbo matano, uyafiche, halafu uyaandike: lipi liko juu ya lipi, rangi gani, inchi ngapi kutoka ukingo upi. Mpe dada yako au baba achore bila kuuliza swali. Mkiziweka picha mbili pamoja na zikatofautiana, usikimbilie kumcheka mchoraji. Soma kwanza ulichoandika.

Wabillahi tawfiq.