Kutambua ukatili usioacha kovu: mada kwa viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, Mwanza

Mwanachama akija kikundini jicho limevimba, hakuna kati yetu anayehitaji semina ili ajue kilichompata. Mimi nazungumzia yule asiye na alama, anayenunua hisa zake kwa wakati, lakini simu ikilia anashtuka na kuomba ruhusa ya kuondoka.

Utafiti wa MAISHA uliofanyika hapa Mwanza uliwahoji wanawake 1,021 wa vikundi vya mikopo, watu wa aina ya wanachama wenu. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kuwa asilimia 61 walikuwa wamewahi kupigwa au kutendewa ukatili wa kingono na mume au mpenzi. Inatisha. Lakini asilimia 82 walikuwa wamewahi kudhibitiwa: kuzuiwa kwenda kwa ndugu, kutakiwa waseme walipo kila saa, kushukiwa wakizungumza na mwanamume mwingine. Jambo lililoenea kuliko kipigo ndilo majirani hulisifia, eti mume anampenda sana mkewe.

Huku mialoni fedha ndiyo huonyesha mapema udhibiti huo. Mama anaanika dagaa tangu alfajiri, anauza, malipo yanaingia kwenye simu ambayo mume anaishika. Au mkopo umeandikwa kwa jina lake, fedha kachukua mwingine, marejesho anahangaika nayo peke yake. Kushauriana na mume si ukatili, na tusiwatie watu doa kwa hilo. Tazameni hofu. Je, anaweza kumkatalia mumewe jambo dogo na usiku akalala kwa amani? Anatukanwa mbele ya watoto, anatishiwa kunyang'anywa watoto hao, vyombo vinavunjwa, nguo zake zinachomwa? Aliyekuwa mcheshi amenyamaza, ndugu zake hawaji tena? Wapo pia wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa nyumbani. Wakija kwenu, wasichekwe.

Usukumani kuna suala la ng'ombe wa mahari. Binti anarudi kwao, wazazi wanahesabu ng'ombe watakaodaiwa, kesho yake anasindikizwa kwa mumewe na kuambiwa avumilie. Naheshimu mila zetu, lakini wazazi wanaofanya hivyo wanamkabidhi mtoto wao kwa anayemtesa.

Sheria haiko upande huo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kifungu cha 107 kinataja ukatili wa mwili au wa akili miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa hiyo wazo la mateso ya moyo halikuletwa juzi na wafadhili. Limo katika sheria yetu kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa, mfanye nini? Msikimbilie kuwaita wote wawili mkawasuluhisha. Mke atasema yameisha, kwa sababu usiku huo anarudi na mumewe chini ya paa moja. Muulize faraghani, "Mama, nyumbani una amani?", kisha nyamaza umsikilize. Mweleze kuhusu dawati la jinsia na watoto la polisi, afisa ustawi wa jamii wa kata, na shirika la Kivulini, lililoanzishwa hapa Mwanza mwaka 1999. Kwa mtoto anayeteswa, piga 116, ni bure. Asipotaka leo, usimkasirikie, wala siri yake usiipeleke sokoni.

Lakini akisema amekabwa shingo, ametishiwa kwa panga, au amepigwa akiwa mjamzito, msisubiri mkutano ujao. Na akiamua kuondoka, asitangaze, maana wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa. Vyeti vya watoto, kadi ya kliniki na nauli aviweke mapema kwa mtu anayemwamini, na mweka hazina wa kikundi anaweza kuwa mtu huyo.