Usiku wa Mombo: Hotuba ya Kamati ya Gari kwenye Sherehe ya Miaka Kumi



Sisi watatu wa Kamati ya Gari tuliambiwa tusome mapato ya pikapu. Mapato tumeyabandika ukutani pale mlangoni, kila mtu atayasoma kwa macho yake. Tumeomba badala yake tuzungumzie usiku ule wa Mombo, kwa kuwa wengine mliusikia nusu, na wengine mliusikia na chumvi nyingi.

Pikapu yetu mnaijua. Ni Toyota Hilux ya dizeli, ya zamani, ilikwisha kuzunguka sana kabla haijafika mikononi mwetu. Tuliinunua ili kabichi na karoti zetu zisiozee Lushoto tukisubiri lori la mtu. Siku hiyo tuliondoka saa tisa usiku, mzigo umejaa, kijana wetu kwenye usukani na sisi wawili pembeni yake. Tulipopita Soni, kwenye kona zile, dashibodi ikazimika yote. Spidi haionekani, geji ya mafuta haionekani, mshale wa joto la injini hauonekani. Kijana akasema, "Mama zangu, msihofu, taa kubwa zinawaka." Na kweli zilikuwa zinawaka. Basi tukaona ni mapambo tu yamezimika, tukaendelea.

Mombo tulisimama kando ya barabara kuu kumsubiri mnunuzi. Lori likaja kwa nyuma, likakwepa dakika ya mwisho, likachana turubai na kuondoka na kioo cha pembeni. Dereva wake alishuka akitetemeka. Akatuuliza, "Mama, mmezimaje taa za nyuma barabarani?" Tukamwambia hatukuzima. Tukazunguka nyuma kutazama: giza tupu. Taa za nyuma, taa ya namba, hata zile ndogo za mbele, zote zilikuwa zimekufa. Tulikuwa tumeteremka mlima mzima hivyo. Kilichotuokoa kule kwenye kona ni kwamba taa za breki zina fyuzi yake nyingine, na kwenye mteremko dereva anakanyaga breki kila mara, kwa hiyo waliotufuata walituona. Tuliposimama na mguu ukatoka kwenye breki, hatukuonekana tena.

Hili ndilo tulilotaka kila mwenye gari humu ndani alisikie, hata kama mengine atayasahau. Kwenye pikapu kama yetu, mwanga wa dashibodi na taa za nyuma hunywa kisima kimoja. Dashibodi ikiwa giza usiku, simama mahali salama, shuka, zunguka nyuma ukatazame. Taa kubwa zikiwaka zisikudanganye, hizo zina njia yake.

Sasa tuje kwenye aibu yetu. Fundi wa kwanza tuliyempelekea gari alifungua, akachungulia, akasema seti nzima ya dashibodi imekufa, inunuliwe nyingine. Bei aliyotaja ilikaribia mikopo ya ada ya wanachama watatu, na ilikuwa Januari! Mnakumbuka kikao kile. Wengine walitaka sanduku lifunguliwe siku hiyo hiyo, wengine walitaka gari liuzwe. Ni mwenzetu mmoja, aliyeuza chai miaka mingi mlangoni kwa gereji, aliyeuliza swali ambalo sisi wa kamati hatukuliuliza: "Hizo taa za nyuma nazo ziko ndani ya dashibodi?" Kikao kikanyamaza. Nyumba mbili zikikosa maji kwa pamoja, mtu hakimbilii kununua mabomba mapya, anakwenda kwanza kutazama koki. Hela zikabaki sandukuni.

Tukaanza upya na fundi wa pili, safari hii sisi wenyewe tumesimama pale pale tukiuliza kila kitu. Alianza na fyuzi. Kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi kila moja ina jina lake, na inayohusika na taa hizi imeandikwa TAIL. Yetu ni ya ampea 15. Ilikuwa imekatika. Tukaweka mpya, tukawasha taa ndogo, pa! ikakatika tena hapo hapo. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama akashauri tuviringe karatasi ya fedha ya sigara tuweke pale. Jamani, msikubali kamwe. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiweka kitu kisichokatika, kitakachoungua ni waya, na waya huo unapita chini ya miguu yenu.

Fyuzi ikikatika papo hapo maana yake mahali fulani umeme unagusa bodi ya gari. Swali ni wapi. Fundi hakupasua waya wote. Alichomoa soketi ya waya unaokwenda nyuma, akaweka fyuzi nyingine, akawasha. Ikakaa. Basi ugonjwa uko nyuma, dashibodi haina kosa! Tukalala chini ya gari na tochi, tukafuata waya kwa vidole hadi karibu na taa ya namba, pale unapopita kwenye ukingo wa chuma. Mtu aliyeufunga zamani hakuweka mpira wa kuukinga, na mtikisiko wa barabara ukaula taratibu mpaka shaba ikawa nje. Dawa yake ilikuwa kukata kipande kilichochakaa, kuunga upya, kufunga tepu, na kuuvisha mpira wa bomba la zamani. Fyuzi nne na tepu moja, pamoja na ujira wa fundi. Tuwaambie kweli, tulicheka kwa uchungu.

Ila taa za nyuma zilipowaka, dashibodi iliwaka nusu tu, upande wa geji ya mafuta ukabaki giza. Hapo tukajifunza kwamba gari kuukuu linaweza kuwa na magonjwa mawili kwa siku moja. Kuna kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kupunguza na kuongeza mwanga wa dashibodi. Kwanza kitazameni hicho, kwa maana mtoto akichezea gari anaweza kukizungusha hadi mwisho na nyote mkadhani pameharibika. Kikiwa na kutu ndani, mwanga hucheza cheza ukikigusa. Kizungusheni huku na huku mara nyingi, aghalabu hurudi. Chetu kilikuwa kizima. Na kilipowaka upande mmoja tulijua umeme unafika, kwa hiyo kilichobaki ni glopu.

Kabla ya kufungua dashibodi fundi alichomoa waya hasi wa betri. Akafungua skrubu, akaivuta seti kidogo kidogo, maana kwenye magari haya nyuma yake kuna kebo ya spidi, ukivuta kwa hasira utaikata. Glopu zenyewe ni ndogo kama punje ya harage, zimeshikwa na vishikio vya plastiki. Unazungusha robo tu, kinatoka. Mbili zilikuwa nyeusi. Nyuma ya seti kuna karatasi ya plastiki yenye njia za shaba badala ya waya. Mahali palipofifia tulipasugua polepole kwa kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, shaba ikang'aa. Msiweke glopu yenye nguvu kuliko ya mwanzo mkidhani mtaona zaidi, joto lake huyeyusha plastiki. Wanaoweka hizi za LED za siku hizi wajue zina chanya na hasi, isipowaka igeuzeni kwanza kabla ya kuitupa.

Tofautisheni pia mwanga wa dashibodi na taa za onyo, ile ya betri, ya oili na ya handibreki. Hizo hazimo kwenye fyuzi ya TAIL. Ufunguo ukifunguliwa kabla injini haijawaka, ya betri na ya oili lazima ziwake, na injini ikishika zizimike. Isiyowaka kabisa si dalili ya heri. Taa ya oili iliyokufa haitakuambia siku oili inapokwisha. Na kuna altaneta za zamani zinazopata umeme wa kuanzia kupitia glopu ile ya betri. Glopu ikifa, gari halichaji, na mtu ananunua betri mpya bure. Mwanga wa dashibodi ukifuata indiketa, ukififia kila indiketa inapowaka, aghalabu ni waya wa bodi umelegea au umeshika kutu. Hapo ni spana na msasa, wala si duka la spea.

Pesa za sanduku letu zina kufuli tatu na watunza funguo watatu, hakuna anayetoa shilingi peke yake. Lakini pesa za gari, kwa miaka yote ile, alikuwa akitoa yeyote aliyekuwa gereji siku hiyo, kwa neno la fundi tu. Kosa hilo ni letu sisi wa kamati, na tulilikubali mbele ya kikao. Tangu hapo kuna daftari la gari. Kitu chochote kikibadilishwa, cha zamani kinarudi kikundini kionekane. Na kabla ya safari ya usiku, mama mmoja anazunguka gari lote taa zikiwa zimewashwa, mwingine anakanyaga breki. Dereva wetu alinuna wiki mbili, siku hizi anatukumbusha yeye.

Tumekuja na taa yetu ya kupimia. Ni glopu ya indiketa, waya mbili, na kibanio. Waya mmoja unabanwa kwenye chuma cha bodi, wa pili unagusa fyuzi upande huu na upande huu, taa ndogo zikiwa zimewashwa. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Isipowaka pande zote mbili, umeme haujafika hapo, tafuteni kwenye swichi au relei. Pikapu iko nje chini ya mti, haijafungwa. Baada ya chakula tutaonyesha, na watakaotaka kujaribu wasivae khanga mpya.