Mkorogo na Macho ya Wenzetu

Msikilizaji, leo tutazame suala moja: mkorogo, yaani mchanganyiko wa vipodozi vya kung'arisha ngozi. Kutoka Lupaso hadi Newala, kusini mwa Tanzania, bibi zetu wengi, Wamakonde kwa Wamakua, walichanjwa nembo usoni na kuvaa ndonya, pambo la kutobolea, kwenye mdomo wa juu. Huo ndio uliokuwa urembo. Leo mjukuu anatafuta krimu ya kung'arisha ngozi.

Kwa nini suala hili likuhusu? Kwa sababu zebaki na haidrokwinoni, ambazo huweza kuwemo katika mkorogo ingawa zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, hudhuru ngozi, na zebaki huharibu figo.

Kwa upande mmoja, kijana ana haki ya kujipamba. Kwa upande wa pili, anayechekwa kwa weusi wake hajachagua mkorogo, amesukumwa.

Swali ni hili: nyumbani kwako, mtoto anasikia nini kuhusu mwili wake?