Sheria na Umeme wa Vijijini



Mito ya Mufindi na Ludewa imeporomoka kutoka milimani tangu enzi za mababu, na jua la Dodoma halijapata kungoja kibali cha mtu yeyote. Hata hivyo, vijiji vingi viliendelea kukaa gizani. Ni dhahiri basi kwamba uhaba haukuwa wa maji wala wa jua. Kilichokosekana, pamoja na fedha, ni utaratibu wa sheria.

Pale ambapo umeme una mnunuzi mmoja mkubwa, mwenye mtambo mdogo ni mnyonge. Asipojua atauza kwa bei gani, na kwa miaka mingapi, benki haitamkopesha. Na bila mkopo mtambo haujengwi.

Tanzania ililikabili jambo hilo kwa hatua. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwasamehe leseni wazalishaji walio chini ya megawati 1. Mwaka 2009 ukawekwa mkataba wa namna moja, pamoja na utaratibu wa kukokotoa bei, kwa wazalishaji wadogo wanaouza umeme usiozidi megawati 10. Mnyonge akapata mahali pa kusimama. Huko Mufindi, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012; huuza umeme kwenye gridi ya taifa na kuusambaza katika vijiji vya jirani.

Lakini kuanza si kumaliza. Gridi ya taifa inapofika kijijini, mtambo mdogo uliotangulia waweza kufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kanuni zilibidi zimpe mwenye mtambo njia: auze umeme wake kwenye gridi, au anunue kutoka gridi na kuwasambazia wateja wake. Bila kinga hiyo, nani angetangulia kwenda vijiji vya mbali?

Limebaki suala zito la bei. Kuzalisha umeme kwa wateja wachache waliotawanyika ni ghali. Mwanakijiji akitozwa gharama kamili, ataonewa kwa sababu tu ya kuishi mbali na mji. Mzalishaji akilazimishwa kuuza kwa hasara, atafunga mtambo, na mwanakijiji atarudi kwenye koroboi. Haki haipatikani kwa kuficha gharama. Inapatikana pale Taifa linapotamka wazi ni nani atakayelipa tofauti hiyo, na kuitengea fungu.

Sheria iliyofungiwa kabatini haiwashi taa. Ofisa wa wilaya anayekalia faili la maombi kwa miezi kadhaa anaitangua sheria bila kupiga kura Bungeni. Mwalimu anayewaeleza wanakijiji haki zao mkutanoni anaitekeleza. Kila mmoja na achague yuko upande gani.