MJI WA MOROGORO TANGU KISABENGO HATA LEO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wakulima huko Dakawa)



Nilitakiwa nieleze habari za mji mmoja mkubwa tangu zama za kale, na mwalimu mmoja akanishauri nichague Roma, mji mkuu wa Italia, ambao umeishi zaidi ya miaka 2,500. Nikafikiri moyoni, mtu asiyejua habari za mlangoni pake atafaidi nini kwa habari za ng'ambo? Kwa hiyo nitatwaa neno moja tu la Roma, kisha nirudi kwetu.

Neno lenyewe ni hili. Warumi wa kale walijenga mifereji ya mawe, wakaleta maji ya milimani mpaka katikati ya mji, na kwa maji hayo mji ukalisha watu wengi sana. Hata mwaka 537 adui waliuzunguka mji wakaikata mifereji. Vita na njaa vilikuwa vimekwisha udhoofisha mji, na maji yalipokatika watu wakavihama vilima wakashuka kukaa karibu na mto. Mji uliotisha ulimwengu ukawa kama kijiji ndani ya ukuta mpana. Lishikeni neno hilo, maana tutalihitaji.

Sasa tuje Morogoro, mji ulio maili karibu 30 kutoka hapa tulipo. Katika karne ya kumi na tisa, bonde la mto Ngerengere lilikuwa nchi ya Wakami, na milima ya juu ilikuwa ya Waluguru. Akatokea mtu mmoja, jina lake Kisabengo. Stanley, yule Mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba Kisabengo hakuzaliwa katika ukoo wa heshima, lakini alikuwa mtu wa nguvu nyingi, mwenye sauti kubwa na maneno ya kuchekesha. Watumwa waliotoroka mabwana zao walimfuata, naye akawa mkuu wao. Alipotafutwa na Sultani wa Unguja alikimbilia bara, akapigana na Wakami, akapata nchi yenye rutuba. Hapo chini ya milima, mahali mto upitapo karibu kabisa na ukuta, akajenga mji wake. Mji huo ukajulikana kwa jina la Simbamwene, jina alilokuwa nalo pia binti yake, na huyo binti ndiye aliyerithi enzi ya baba yake.

Stanley alifika mwezi wa Aprili 1871, baada ya kutembea na msafara wake karibu mwezi mzima kutoka Bagamoyo. Aliyoyaona yalimstaajabisha. Aliona ukuta wa mawe wenye matundu ya kupigia bunduki, minara katika pembe nne, milango ya mbao iliyochorwa kwa ufundi wa Kiarabu, na ndani yake nyumba zipatazo elfu. Alikadiria watu kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Misafara ya pembe ilipita hapo, na Simbamwene akaitoza hongo. Nani angedhani mji wa namna hiyo utaanguka?

Lakini haukungoja hata miaka miwili. Masika ya mwaka 1872 yalikuwa makali. Katika mwezi wa Aprili tufani kubwa ilipiga Unguja, ikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Na huku bara mito ilifurika. Stanley aliporudi kutoka Ujiji alikuta mto umeubomoa ukuta wote wa mbele wa mji ule imara, na nyumba hamsini hivi zimekwenda na maji. Vijiji vingi vya bondeni vilizolewa pia. Ukuta uliojengwa kuzuia watu haukuweza kuzuia maji. Kisabengo aliuchagua ukingo wa mto kwa sababu ya uzuri wake, na ukingo huo ndio uliomdhuru binti yake.

Mji haukufa, ila ulibadilika. Baada ya mwaka 1880 mapadri waliotoka Bagamoyo walijenga misheni chini ya milima. Wadachi wakafuata, wakajenga boma, wakaanza kutenga misitu ya Uluguru isikatwe. Mwaka 1905 walianza kujenga reli kutoka Dar-es-Salaam, na mwezi wa Desemba 1907 gari la moshi lilifika Morogoro. Safari iliyomchukua Stanley mwezi ikawa ya siku moja. Mashamba ya katani yakafunguliwa, kama yale ya Tungi na Pangawe, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi.

Ikaja vita kuu ya kwanza. Majeshi ya Jemadari Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na von Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kwa njia za milimani mpaka Kisaki. Reli ilikuwa imeharibiwa, kwa hiyo mizigo ilibebwa vichwani. Wapagazi wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na majina yao hayakuandikwa katika jiwe lo lote. Tukisema habari za mji, yafaa tuwakumbuke na hao.

Wakati wa Waingereza watu waliongezeka, na milima ikalimwa mpaka juu. Udongo ukaanza kushuka na mvua. Serikali ikaamuru mwaka 1950 na iliyofuata kwamba watu wachimbe matuta ya ngazi. Nia ilikuwa kuzuia udongo, lakini kazi ilikuwa ya kulazimishwa, na mahali pengi matuta yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua. Waluguru walikataa. Mwaka 1955 kukatokea ghasia huko Matombo, damu ikamwagika, na mpango ule ukaachwa. Jambo hilo latufundisha kwamba mkulima asiyeulizwa hawezi kuipenda kazi hata ikiwa na nia njema.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, Morogoro ilikua upesi. Vilijengwa viwanda, vingine vikafungwa baadaye. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walifanya mkutano wao mashuhuri hapo mwaka 1969. Wakapewa nafasi ya kujenga shule Mazimbu, na tangu mwaka 1982 wakapewa ardhi hapa hapa Dakawa. Wengi wenu mnazifahamu nyumba walizotuachia. Tena mwaka 1984, katika njia hii yetu, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya motokaa, na chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake. Hata sisi wa Dakawa, basi, tumo ndani ya habari za mji ule.

Leo mji una watu zaidi ya laki nne kwa hesabu ya mwaka 2022, na tangu Juni 2024 gari la moshi la umeme humfikisha mtu kutoka Dar-es-Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Lakini kiu haikuacha kuufuata. Maji mengi ya mji hutoka katika bwawa la Mindu lililojengwa juu ya mto Ngerengere katika miaka ya 1980. Mto huo huchukua udongo wa mashamba na kuumwaga bwawani, na bwawa linalojaa tope halina nafasi ya maji. Ngerengere nao huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar-es-Salaam. Jembe moja lililopigwa vibaya mlimani husikika mpaka pwani.

Huenda mtu akasema, sisi twalima mpunga kwa maji ya Wami, na Uluguru yatuhusu nini? Ndugu yangu, Wami nao una milima yake, Unguru na Ukaguru, na milima hiyo ina misitu na mashoka kama ile mingine. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Wako wanaoiona sheria hiyo kuwa uonevu, kwa kuwa ukingoni ndipo penye unyevu wakati wa kiangazi. Siwalaumu, maana njaa ni mwalimu mkali. Lakini wamkumbuke Simbamwene na ukuta wake.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia. Roma ilidhoofika zaidi ilipokosa maji, na mji wa Kisabengo ulibomoka yalipozidi. Kati ya kukosa na kuzidi ipo kazi ya mikono yetu: kuacha miti ukingoni, kulima kwa kukinga mteremko, na kushauriana kabla ya kuamuru. Mwaka huu kabla ya masika, na kila mwenye shamba karibu na mto aende apime hatua zake kutoka majini. Akizikuta pungufu, asingoje bwana shamba aje kumwambia.