Wandugu zetu walio Kusini, na wageni walio kwetu



Leo hatukuja kusema juu ya mushahara wala juu ya bei ya unga. Tunakuja kusema juu ya wandugu zetu waliotoka hapa, wakapita Kasumbalesa, wakapita inchi ya Zambia na inchi ya Zimbabwe, hata wakafika Afrika ya Kusini kutafuta maisha. Katika makartiye yetu yote ziko nyumba zenye mutoto kule. Mumoja analinda magari ya watu barabarani kule Cape Town, mumoja ananyoa nywele Durban, mumoja anauza samaki kavu katika soko la Yeoville, Johannesburg. Feza wanayotuma inalipa masomo ya watoto hapa. Na simu ikikaa kimya siku tatu, mama halali.

Munajua sababu. Tarehe 11 Mei 2008 watu wa Alexandra, pale Johannesburg, walianza kufukuza wageni nyumba kwa nyumba. Fujo ile ikatembea hata Durban na Cape Town. Watu 62 walikufa, na makumi ya maelfu wakalala katika makanisa, katika vituo vya polisi na katika mahema. Walimujuaje mugeni? Walimusimamisha mutu njiani, wakamuonyesha kiwiko cha mukono, wakamuuliza: Hiki kinaitwa nini kwa Kizulu? Asiyejua alipigwa. Sasa sikilizeni vizuri: kati ya wafu wale 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika ya Kusini wenyewe. Kati yao walikuwamo wenye lugha nyingine, na jibu lao halikuwapendeza wenye rungu.

Hapa karibu pia, kule Lusaka, Aprili 2016, watu walivunja maduka ya Wanyarwanda kwa sababu ya uvumi juu ya mauaji. Watu 2 walichomwa moto. Kisha serikali ya Zambia ikatangaza: wote wawili walikuwa Wazambia.

Ingekuwa rahisi tuwalilie wandugu zetu, tuwalaumu watu wa Kusini, tena turudi nyumbani tukale. Lakini wazee waliokaa hapa mbele wanatutazama, na tunajua wanafikiri nini. Wanafikiri juu ya stesheni ya Likasi.

Vijana wengi hapa hawakuwa wamezaliwa, basi tuwaambie. Agosti 1992 mukutano mukubwa wa inchi kule Kinshasa ulimuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mutoto wa Katanga. Gavana wetu alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, wa chama cha UFERI. Katika mikutano ya siku zile watu wa Kasai waliitwa bilulu. Bilulu ni wadudu, na munajua mutu anamufanyia mududu nini anapomuona ukutani. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba. Likasi ilianza, na Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Wafanyakazi wa miaka 20 na 30 walitolewa katika nyumba za kampuni pamoja na wake na watoto, wakalala stesheni majuma na miezi wakingoja gari la moshi la kwenda Kasai. Watoto walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Wengi walizaliwa Katanga. Waliambiwa warudi kwao, na huko kwao hawajapaona hata siku moja.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya watu wa Kasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa hapa hapa, Élisabethville, kwa kuogopa kuuawa. Mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ukawapeleka wengi wao mbali na muji.

Kule Kusini wandugu zetu wanaitwa makwerekwere. Ni neno la kucheka usemi wa mugeni, kana kwamba anatoa sauti tu kama ndege. Sisi tulikuwa na bilulu. Rwanda, mwaka 1994, neno lilikuwa inyenzi, maana yake mende. Lugha ni tatu, kazi ya neno ni moja: kumuondoa mutu katika hesabu ya watu, ili wakati wa kumupiga mukono usitetemeke. Mutu anayesema maneno haya kwa mikrofoni, hata akicheka, hata watu wakipiga makofi, tumutazame kama tunavyomutazama mutu mwenye kiberiti karibu na pipa la mafuta.

Sasa tuulize swali la wafanyakazi: nani alipata faida? Wachache walipata nyumba na kiti cha ofisi. Lakini Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1993 haikufikisha hata tani 60,000. Hatusemi kwamba kufukuza watu peke yake kuliangusha kampuni. Mugodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na mwaka 1991 kulikuwa wizi mukubwa katika miji. Lakini muulizeni mufanyakazi yeyote aliyebaki pale: nani alikuwa amebaki anayejua ile mashine?

Na muji huu ni wa nani? Ulianzishwa mwaka 1910, na wakubwa wa shaba walitafuta mikono kila mahali: Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi. Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mushahara walipokusanyika katika uwanja wa mupira, askari walipiga risasi bila kuuliza mutu kabila lake.

Kuna wandugu wanaotuambia: «Maneno yenu ni mazuri, lakini wageni wanakula kazi yetu. Muchina analipa vibaya, Muhindi anafunga duka kwa mutu mweusi, na kila gari la moshi linaleta vijana wa pikipiki kutoka Kasai.» Tunawajibu. Bwana anayelipa vibaya, tumushitaki kwa sababu analipa vibaya, mbele ya sendika na mbele ya sheria, hata kama yeye ni mutoto wa mama yetu. Kuvunja dirisha la jirani yake hakuongezi faranga hata moja. Mwaka 2015 kule Isipingo, karibu na Durban, duka moja liliweka wageni mahali pa wafanyakazi waliogoma, na Wakongomani walikuwamo. Fujo ikaanzia pale, ikaenea. Ona ginsi ilivyokwenda: mwenye duka alichagua, maskini wawili wakapigana. Na kijana wa pikipiki anayetoka Kasai amefanya nini ambacho mutoto wetu hakufanya Kusini? Wote wawili walipanda gari kwa sababu ya njaa.

Basi, kwa wale wanaojitayarisha kusafiri. Usiondoke bila karatasi zako, na uache kopi yake hapa kwa mutu unayemuamini. Ukifika, omba ruhusa mapema, na tarehe ya kuifanya mupya usiipitishe hata siku moja, maana mutu asiye na karatasi anaogopa kwenda polisi, na wezi wanalijua hilo. Jifunze lugha ya kartiye unapokaa, hata maneno ya salamu. Jirani anayejua jina lako atakugongea mulango kabla wengine hawajafika. Ukisikia uvumi wa fujo, toa watoto kwanza, bidhaa ziache. Kanisa na kituo cha polisi viko karibu wapi, uwe umekwisha kuvijua mchana. Usifunge duka ukajificha ndani, kwani wako waliochomwa pamoja na mali yao.

Na kwa sisi tunaobaki: mwaka ule wa 1992 walikuwako Wakatanga waliowaficha jirani zao nyuma ya nyumba, wakawapelekea maji usiku. Wengine wangali hai, katika makartiye haya. Muwatafute, muwaulize walifanyaje, kabla hawajatuacha.