Uchunguzi wa Daktari katika Madai ya Mafao ya Ulemavu: Mada kwa Wanajeshi wa Zamani Wenye Asili ya Afrika Mashariki Waishio Marekani



Nimeombwa nieleze hatua za kudai mafao ya ulemavu katika Idara ya Maveterani. Wengi wenu mnazijua. Dai husimama juu ya mambo matatu: maradhi uliyonayo leo, tukio la wakati wa utumishi, na maelezo ya kitabibu yanayoyaunganisha. Kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraki na Afghanistan, sheria ya PACT ya Agosti 2022 imewapunguzia mzigo wa kuthibitisha uhusiano huo kwa magonjwa iliyoyataja.

Naomba tukae zaidi kwenye uchunguzi wa daktari, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Baadhi yenu mliingia jeshini kwa MAVNI, mpango wa kuandikisha wasio raia wenye ujuzi au lugha zilizohitajika, ulioidhinishwa 2008, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotakiwa. Ila pamoja na lugha tulikuja na malezi yetu: tumelelewa kwamba ukijuliwa hali unajibu hujambo, unamshukuru Mungu. Basi mwenzetu mwenye mgongo mbovu anaulizwa anaendeleaje, anasema hajambo. Anaambiwa ainame, anainama mpaka chini huku ameuma meno, kwa sababu kulia kwa maumivu mbele ya mgeni ni aibu. Daktari anapima nyuzi za kuinama, anaandika, wanaagana. Akivuka nyuzi 60 bila kuzidi 85, kwa kawaida kipimo hicho humpa asilimia 10 ya ulemavu. Angeishia nyuzi 30 au chini yake, ingekuwa 40. Na mahakama iliamua tangu 1995, katika kesi ya DeLuca, kwamba mchunguzi azingatie maumivu na siku ambazo hali huzidi. Bado ripoti zinakuja hazina hata mstari mmoja juu ya siku hizo. Inasikitisha sana.

Sisemi mtu atie chumvi. Kudanganya ni kosa la jinai na kunaweza kumnyang'anya mtu mafao yake. Nasema aseme kweli yote.

Kwa hiyo napendekeza: maumivu yakianza, sema hapo hapo, wala usijikaze. Eleza siku mbaya: nani alikufunga viatu, kazini ulikosa siku ngapi. Mke, mume au askari mwenzio aandike ushahidi kwenye fomu 21-10210. Wasilisha mapema taarifa ya nia ya kudai, kwani hukushikia tarehe ya kuanza kuhesabiwa mafao kwa mwaka mmoja. Tafuta mwakilishi aliyeidhinishwa. Kwa dai la kwanza haruhusiwi kukutoza ada. Ukikataliwa, una mwaka mmoja wa kuchagua dai la nyongeza, mapitio ya afisa wa juu au rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani bila kupoteza tarehe yako. Ukichagua mapitio, ushahidi mpya haupokelewi. Kwa hiyo kama ripoti haikutaja maumivu, kabla ya kuchagua njia tazama kwanza kama mchunguzi aliuliza: kama hakuuliza, kosa ni lake na mapitio yanaweza kulishughulikia; kama aliuliza nawe ukajibu hujambo, utahitaji ushahidi mpya, yaani si mapitio.

Kwa Idara, kwa heshima zote, tunaomba wachunguzi waulize kuhusu siku mbaya bila kungoja mgonjwa ajieleze. Kwenu narudia: mbele ya daktari huyo, msijibu hamjambo.